Bibi Daktari Aliyekabidhiwa Hospitali ya Jeshi

Askari aliyelazwa juu ya machela, damu ikimtoka, hana nafasi ya kuuliza anayemfunga jeraha ni mwanamume au mwanamke. Analotaka kujua ni moja tu: je, anayemshika anaijua kazi? Lakini walio mbali na machela, waketio ofisini mwao wakiwa wazima wa afya, mara nyingi ndio wenye maswali mengi. Ndivyo ilivyokuwa Uingereza mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, na ndivyo yalivyoanza mambo ya Daktari Flora Murray, mwanamke wa kwanza nchini humo kupewa na jeshi hospitali nzima aiongoze.

Flora Murray alizaliwa Scotland, katika wilaya ya Dumfries, mwaka 1869. Nyumba yao ilikuwa ya watu wenye nafasi, na baba yake aliwahi kutumikia jeshi la majini. Binti wa nyumba kama ile alitazamiwa kujifunza kinanda, kushona na kupokea wageni, kisha kungoja mchumba. Flora hakuridhika na kungoja. Alikwenda London kupata mafunzo ya uuguzi, na baadaye, mwaka 1897, akaingia katika Chuo cha Udaktari cha Wanawake cha mji huo.

Chuo hicho kilikuwa na historia yake. Kilifunguliwa mwaka 1874, kwa sababu vyuo vingine vya udaktari vya London vilikuwa vimewafungia wanawake milango. Mmoja wa walioujenga ni Bibi Elizabeth Garrett Anderson, ambaye mwaka 1865 alipata cheti cha kumruhusu kufanya kazi ya udaktari kwa kupita katika upenyo mdogo wa sheria, na mara alipokwisha kupita upenyo huo ukazibwa. Flora Murray alikuwa mmoja wa wale waliovuna alichopanda mama huyo. Alimalizia masomo yake katika Chuo Kikuu cha Durham mwaka 1903, na mwaka 1905 akapata shahada ya juu ya udaktari.

Hata hivyo, shahada ilikuwa jambo moja na kazi jambo lingine. Hospitali kubwa hazikuwa tayari kumwajiri mwanamke awatibu wanaume. Daktari mwanamke aliruhusiwa kuwatibu wanawake wenzake na watoto, na hapo ndipo mpaka wake ulipowekwa. Daktari Murray alifanya kazi katika hospitali ya watoto, na katika hospitali ya wanawake akawa mtaalamu wa kuwatia wagonjwa nusukaputi kabla ya kupasuliwa. Mwaka 1912 yeye na rafiki yake, Daktari Louisa Garrett Anderson, mpasuaji, walifungua hospitali yao wenyewe ya watoto katika barabara ya Harrow, London, mtaa uliokaliwa na watu maskini. Louisa alikuwa binti wa yule Bibi Elizabeth aliyetajwa juu. Kazi yao wakaigawana tangu hapo: mmoja alishika uongozi na dawa, mwingine akashika kisu.

Jambo moja la miaka ile halina budi kuelezwa, kwa maana bila hilo habari hii haieleweki. Wanawake wa Uingereza hawakuwa na haki ya kupiga kura kuwachagua wabunge. Umoja wa Kijamii na Kisiasa wa Wanawake ulipigania haki hiyo, na baadhi ya wafuasi wake walivunja vioo vya madirisha, wakakamatwa na polisi, wakafungwa. Huko gerezani wengine waligoma kula, na serikali ikaamuru walishwe kwa nguvu kwa mpira uliopitishwa puani au mdomoni. Mwaka 1913 ikatungwa sheria ambayo watu waliiita Sheria ya Paka na Panya: mfungwa aliyedhoofika kwa njaa alifunguliwa aende kupata nguvu, kisha akakamatwa tena amalizie kifungo chake. Daktari Murray ndiye aliyewauguza wengi wa wanawake hao walipotolewa wakiwa hoi, na alisema waziwazi kwamba kumlisha mtu kwa nguvu ni kumdhuru. Daktari Louisa naye alionja jela mwaka 1912 kwa kuvunja kioo. Kwa hiyo, machoni pa serikali, mabibi hawa wawili hawakuwa watu wa kutegemewa.

Ghafla vita vikaingia, mwezi Agosti 1914. Jeshi lilihitaji madaktari kwa haraka, lakini halikutaka wanawake. Huko Edinburgh daktari mwingine maarufu, Bibi Elsie Inglis, alipojitolea kwa jeshi, inasimuliwa kwamba aliambiwa arudi nyumbani akatulie. Murray na Anderson waliijua tabia ya ofisi za nchi yao, na hawakupoteza muda kubisha hodi mlango ambao walijua hautafunguliwa. Walikwenda kwa Wafaransa. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Ufaransa kiliwakubalia. Marafiki zao wakachanga kiasi cha pauni 2,000 kwa muda wa wiki mbili, zikanunuliwa dawa, vitanda na vyombo vya upasuaji, na katikati ya Septemba kikosi cha madaktari, wauguzi na wahudumu, karibu wote wanawake, kikapanda gari la moshi kwenda Paris. Bibi Elizabeth, mama yake Louisa, alikuwa mzee wa miaka 78. Alifika stesheni kuwaaga, akasema kwamba angalikuwa na umri mdogo kwa miaka ishirini angaliwaongoza mwenyewe.

Mjini Paris walipewa hoteli mpya ya kifahari, Claridge, ambayo ilikuwa haijamalizika vizuri. Vyumba vikubwa vya wageni vikageuzwa wodi, na maliwato ya mabibi, kwa kuwa yalikuwa na maji na vigae vya kusafishika, yakageuzwa chumba cha upasuaji. Majeruhi walianza kufika hata kabla vitanda havijatandikwa vyote. Wengi walikuwa wamelala siku nyingi juu ya majani ya mabehewa, majeraha yao yakiwa na udongo wa mashamba, na udongo huo uliojaa mbolea ulileta pepopunda na kuoza kwa nyama. Mabibi ambao mpaka wiki chache nyuma walikuwa hawaruhusiwi kumtibu mwanamume, sasa walikuwa wanatoa risasi mapajani na kukata miguu isiyoweza kuokolewa.

Maofisa wa jeshi la Uingereza walipita hotelini hapo kutazama. Baadhi yao walikuja wakiwa na mashaka, na wakaondoka wamenyamaza. Kabla mwaka haujaisha jeshi lenyewe liliwaomba wafungue hospitali ya pili, Wimereux, karibu na bandari ya Boulogne, na safari hii walikuwa chini ya amri ya Waingereza. Hapo ndipo ukuta ulipopata ufa. Mwanzoni mwa mwaka 1915 Sir Alfred Keogh, mkuu wa idara ya utabibu ya jeshi, aliwaita na kuwaambia kwamba yuko tayari kuwapa hospitali ya London yenye vitanda kiasi cha 500. Wanawake waliokuwa wakitazamwa na polisi kama wahalifu miaka miwili iliyopita, sasa walikabidhiwa maisha ya askari wa mfalme.

Hospitali hiyo iliwekwa katika mtaa wa Endell, katikati ya London, ndani ya jengo la kale lililokuwa nyumba ya kuwahifadhi maskini. Lilikuwa jengo la ghorofa nyingi, lenye kuta nzito na ua katikati. Jengo likasafishwa, lifti zikawekwa ili machela ziweze kupandishwa, taa na vyumba vya upasuaji vikatengenezwa, na mwezi Mei 1915 hospitali ikafunguliwa. Daktari Murray alikuwa Daktari Mkuu, Daktari Anderson alikuwa Mpasuaji Mkuu. Madaktari, wauguzi, wahudumu, makarani, wenye kupokea dawa na wenye kubeba machela, walikuwa wanawake, isipokuwa wanaume wachache tu waliotolewa na jeshi. Wapo waliobashiri kwamba haitapita miezi sita kabla ya hospitali hiyo kufungwa kwa fujo na aibu.

Daktari Murray aliusikia ubashiri huo, na aliujibu kwa utaratibu wa kazi. Aliwaambia vijana waliokuja kuhudumu kwamba kazi nzuri tu haitoshi. Kosa la mwanamume husamehewa kuwa ni kosa la mtu mmoja, lakini kosa la mwanamke lingehesabiwa kuwa ni la wanawake wote. Kwa hiyo ilibidi wafanye vizuri kupita wanaume. Alikuwa mtu wa maneno machache, mkali katika nidhamu, na aliyetaka hesabu ya kila kitu kilichoingia na kutoka ghalani. Hakuomba upendeleo. Jeshi lilimlipa mshahara wa Luteni Kanali, lakini halikumpa cheo hicho kwa hati rasmi, wala yeye wala daktari mwanamke yeyote wa hospitali ile. Walifanya kazi ya maofisa bila kuwa maofisa. Ni jambo lililowauma, lakini hawakulifanya kuwa sababu ya kulegeza kazi.

Usiku ndio uliokuwa wakati wa majaribu. Treni za majeruhi ziliingia London gizani, magari ya wagonjwa yakafululiza hadi mtaa wa Endell, na kengele ya uani ikalia. Hapo kila mtu alijua mahali pake. Wasichana waliolelewa nyumba zenye watumishi walizishusha machela mmoja huku na mmoja kule, wakazipandisha wodini. Majeruhi 30, na mara nyingine hata 80, walipokelewa kwa pamoja, wakaoshwa matope, wakavuliwa nguo zilizogandamana na damu, wakanyweshwa kitu cha moto, na waliokuwa mahututi wakapelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Katika mapigano ya Somme, mwaka 1916, vitanda havikutosha. Baadaye hospitali ikafikisha vitanda 573, na siku za vita vikali wapasuaji waliweza kufanya operesheni hata 20 kwa siku moja.

Askari wengi walishtuka walipofumbua macho na kuona kwamba daktari ni bibi, mpasuaji ni bibi na mwenye kutia nusukaputi ni bibi. Mshtuko huo haukudumu. Majeruhi ni hakimu mwepesi wa kuona: anajua nani anafungua bendeji kwa upole na nani anaivuta, nani anamsikiliza na nani anapita haraka. Wengi waliondoka wakiisifia hospitali hiyo kwa wenzao, na haukupita muda mrefu ikawa ina jina jema kati ya askari wa Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand waliolazwa humo.

Daktari Murray na mwenzake waliamini pia kwamba mwili hauponi peke yake ilhali roho imekata tamaa. Wodi zao zilitandikwa mablanketi ya rangi ya kupendeza, maua yakawekwa, na taa ikawekwa kando ya kitanda ili mgonjwa asiyepata usingizi aweze kusoma. Palikuwa na maktaba iliyoongozwa na waandishi mashuhuri wawili, Elizabeth Robins na Beatrice Harraden. Wao hawakuwagawia askari vitabu ovyo ovyo. Walimwendea kila mmoja kitandani, wakamuuliza alikuwa akifanya kazi gani kabla ya vita na anataka kufanya nini baadaye, kisha wakamtafutia kitabu cha mitambo, cha kilimo au cha ufundi, kama alivyotaka. Mtu aliyepoteza mguu alianza hivyo kuyafikiria maisha yake mapya kabla hata hajatoka kitandani.

Kwa upande wa utabibu, hospitali ya Endell ilitoa pia fundisho lililosaidia kwingine. Zama hizo dawa za antibiotiki zilikuwa hazijapatikana, na jeraha lililooza liliweza kumwua mtu ambaye risasi ilishindwa kumwua. Mwaka 1916 Daktari Anderson na mtaalamu wa maabara, Daktari Helen Chambers, walianza kuijaribu dawa ya kupaka iliyobuniwa na mpasuaji Rutherford Morison wa Newcastle, mchanganyiko wa bismathi, iodofomu na parafini. Jeraha lilisafishwa barabara, nyama iliyokufa ikaondolewa, dawa ikapakwa, kisha likafungwa na kuachwa kwa siku nyingi bila kufunguliwa. Kabla ya hapo jeraha kubwa lilifunguliwa na kuoshwa mara kadhaa kwa siku, jambo lililomtesa mgonjwa na kuwachosha wauguzi. Wakayaandika matokeo yao katika jarida la madaktari, ili na wengine wanufaike. Siku hizi kuna dawa bora na salama kuliko ile, lakini msingi wake haujabadilika: jeraha husafishwa kwanza kwa ukamilifu, kisha huhifadhiwa lisichokonolewe ovyo.

Mwaka 1917 Daktari Murray na Daktari Anderson walitunukiwa nishani ya CBE. Mwaka uliofuata, 1918, Bunge likawapa haki ya kupiga kura wanawake waliotimiza miaka 30 na masharti ya mali yaliyowekwa. Mwishoni mwa mwaka huo huo vita vikaisha, lakini katika mtaa wa Endell mapumziko hayakuja, kwani homa kali ya mafua iliyoenea ulimwenguni ilikuwa imeingia. Wagonjwa walikufa kwa wingi kuliko wakati wa risasi, na baadhi ya watumishi wa hospitali wakaambukizwa, wakafa wakiwa kazini. Hospitali ilifungwa mwishoni mwa mwaka 1919. Iliyobashiriwa miezi sita ilikuwa imeishi zaidi ya miaka minne, ikawa imehudumia wagonjwa wapatao 26,000 na kufanya operesheni zaidi ya 7,000.

Ingalikuwa hadithi ya watoto, ingeishia hapo kwa vigelegele. Mambo ya ulimwengu hayakwenda hivyo. Wanaume waliporudi kutoka vitani, milango iliyofunguliwa kwa shida ikaanza kufungwa. Katika miaka ya 1920 vyuo kadhaa vya udaktari vya London vilivyowapokea wanawake wakati wa vita viliwakataa tena. Wapasuaji hodari wa Endell, waliokwisha kushughulikia vichwa vilivyopasuka na mapaja yaliyovunjika, walirudishwa kwa wanawake na watoto. Daktari Murray na Daktari Anderson wakarudi kwenye hospitali yao ndogo ya barabara ya Harrow, nayo ikafungwa mwaka 1921 kwa kukosa fedha. Jeshi lililowahitaji usiku halikuwatambua mchana.

Daktari Murray hakukaa akilia. Mwaka 1920 alichapisha kitabu kuhusu wanawake waliokuwa wapasuaji wa jeshi, kwa maana alijua kwamba kazi isiyoandikwa husahauliwa, na wasioandika huandikiwa na wengine. Aliugua saratani, akafariki mwezi Julai 1923, mwenye umri wa miaka 54. Daktari Anderson aliishi mpaka mwaka 1943, wakati Uingereza ilipokuwa tena vitani, na tena ikiwahitaji madaktari wanawake. Jina la Murray lilikaa kimya kwa miaka mingi. Mwaka 2022 Benki ya Scotland ilitoa noti mpya ya pauni 100 yenye picha yake, pamoja na picha ya wanawake wakibeba machela nje ya hospitali. Serikali ya siku zake haikumpa hati ya cheo. Nchi yake imempa mahali katika noti kubwa, karibu miaka mia moja baada ya kufa kwake.

Kuna mambo matatu yanayofaa kuzungumzwa nyumbani, baba, mama na watoto wakiwa pamoja.

La kwanza ni la mzazi. Hospitali ya Endell haikuanza mwaka 1915. Ilianza siku ile wazazi wa mabinti hao walipokubali watoto wao wasome, na siku ile Bibi Elizabeth na wenzake walipofungua chuo ambacho wengi walikicheka. Taifa likifikwa na dhiki haliwezi kumpata daktari kwa siku moja. Humpata tu yule aliyepelekwa shule miaka ishirini iliyopita. Mwenye binti mwenye akili ya kusoma, akamtoa shuleni mapema kwa kuwa ni mwanamke, huenda anaondoa mkono ambao siku moja ungemfunga jeraha kaka yake.

La pili ni la kiongozi, awe wa kikosi, wa kituo au wa nyumba. Daktari Murray alitawala kwa mambo ambayo yako katika uwezo wa kila mtu: kila mtumishi ajue mahali pake kengele iliapo, ghala liwe na hesabu, anayeteseka asikilizwe, na mkubwa awe wa kwanza kutii sheria aliyoiweka. Nyumba yenye taratibu hizo haitetemeki mgeni anapobisha usiku, wala kikosi chenye taratibu hizo hakivurugiki.

La tatu ni la shukrani. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wasemavyo wahenga. Kumwita mtu wakati wa shida na kumfungia mlango shida ikiisha ni tabia inayojulikana hata katika familia zetu: kwa muuguzi aliyekesha na mgonjwa, kwa mjane wa askari, kwa mke aliyeongoza nyumba peke yake mumewe alipokuwa mpakani. Mwanamume arudipo hukuta watoto wamelishwa, ada imelipwa, paa limezibwa. Je, humwachia huyo mkewe sauti katika mambo ya nyumba, au humrudisha jikoni kama kwamba hakuna lililotendeka?

Murray na mwenzake waliuchukua usemi wa umoja wao wa zamani kuwa usemi wa hospitali, nao ulikuwa mfupi: vitendo, si maneno. Wagonjwa 26,000 walipita mikononi mwao, na kwa waliotoka wakitembea kwa miguu yao, huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.